Filamu za Majini za Bongo: Bajeti Kiduchu, Hofu Kibao

Wana Singida, tuseme ukweli: filamu za kutisha za Bongo zilikuwa na kasoro kibao. Enzi za Shumileta ya Mussa Banzi (2005), jini anapotea kwa kukata picha tu, sauti zinakwaruza, damu inafanana na rangi. Na bado watu waliogopa! Kwa nini? Dracula anakaa kwenye ngome huko Ulaya, haijui Mandewa wala Utemini. Sisi tangu ukoloni tunatishana na mumiani, na hapahapa Singida miaka ya 1940 mauaji ya "watu-simba" yalifikisha watu mahakamani. Hofu hiyo ilikuwepo tayari, haikuhitaji bajeti. Kucheka tunacheka, ila chooni usiku hatoki mtu peke yake.