Kalibu

kalibu nm [i-/zi-] Chombo chenye uwazi wa umbo fulani, ambamo hutiwa kitu kilicho laini au majimaji ili kikikauka kichukue umbo hilo. *Asili:* Kiarabu, *qālib*.

Mfano: Paka nta ndani ya kalibu kabla ya kutandaza nyuzi za kioo.

Matumizi. *Kalibu* na *kiolezo* si visawe. Tuseme fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anataka kuunda bampa la gari kwa nyuzi za kioo na rezini. Huanza na kiolezo, yaani bampa lenyewe au mfano wake wenye vipimo kamili. Hukipaka nta, kisha hukifunika kwa tabaka za nyuzi na rezini. Ganda gumu linalobanduliwa ndilo kalibu, na humo ndimo hutoka mabampa mengine. Kilichobinuka katika kiolezo huwa kimebonyea katika kalibu. Kwa hiyo mfasiri anayeandika *kiolezo* mahali pa *kalibu* humwagiza fundi kuunda kinyume cha kinachotakiwa, na rezini ikishaganda haiyeyushwi tena.

Tanbihi
1. Kiingereza hutumia neno moja kwa *kalibu* na kwa *kuvu*. Kabla ya kufasiri, tazama muktadha: kuvu huota, kalibu huundwa.
2. Wasemaji wasiotofautisha /l/ na /r/ hutamka *kalibu* kama *karibu*. Katika maandishi, zingatia tahajia.

Linganisha: kiolezo, subu.