Serge Kakudji: Sauti ya Opera kutoka Katanga

Serge Kakudji, mzaliwa wa Kolwezi wa mwaka 1989, ni kontratena, yaani mwanaume anayeimba opera kwa sauti ya juu ambayo kwaya nyingi huwaachia wanawake. Katika karne ya 18, mtunzi Händel aliwaandikia mashujaa wa opera zake nyimbo za kuimbwa na wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike. Ukatili huo ulikoma, nyimbo zikabaki. Katika karne ya 20 wanaume wakaanza kuziimba tena kwa sauti ya kichwa.

Kakudji alianzia kwaya ya kanisa, Lubumbashi. Katanga ilikwisha kuonja mchanganyiko wa muziki wa Ulaya na wa Kongo: huko Kamina, mwaka 1958, Padri Guido Haazen alitoa Missa Luba, misa ya Kilatini yenye mahadhi na ngoma za Kikongo. Mwaka 2008 Kakudji aliimba katika Pitié!, kazi ya Alain Platel na Fabrizio Cassol iliyotokana na Mateso ya Mathayo ya Bach.

Kazi kubwa zaidi ya Kakudji ni Coup Fatal, iliyozinduliwa Vienna mwaka 2014. Humo nyimbo za Händel, Vivaldi na Gluck zinapigwa na wanamuziki wa Kinshasa wakiongozwa na mpiga gitaa Rodriguez Vangama, kwa likembe (kinanda kidogo cha vidole gumba), ngoma na magitaa ya umeme. Ndoa hiyo haikulazimishwa. Muziki wa enzi za Händel husimama juu ya besi, na wapigaji huachiwa nafasi ya kujaza wenyewe. Likembe iliingia katika nafasi hiyo kama mwenyeji. Nyuma yao yalining'inia mapazia ya maganda ya risasi, kazi ya mchongaji Freddy Tsimba, na mtu wa Kivu, mashariki mwa Kongo palipojaa vita, hahitaji kuelezwa maana yake.

Bukavu, mji wa Kivu Kusini, inaingia katika habari hii kupitia Milo Rau, mwongozaji kutoka Uswisi. Mei 2015 alifungua hapo Mahakama ya Kongo, baraza la maigizo lenye mashahidi na wanasheria wa kweli, lililochunguza mauaji ya kijijini Mutarule na madhila ya wakazi wa eneo la mgodi wa Twangiza. Njia hiyo ilimfikisha kwenye opera Justice, iliyooneshwa Geneva Januari 2024, muziki wa Hèctor Parra na maneno ya Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi. Inahusu lori la asidi lililoua watu wapatao 20 kijijini Kabwe, Katanga, mwaka 2019. Kakudji aliimba nafasi ya mvulana aliyepoteza miguu, na kando ya okestra alikuwapo mpiga gitaa wa Kikongo, Kojack Kossakamvwe.