BEI YA KOROSHO: NANI AIPANGAYE?

Somo la leo ni historia, lakini historia hii mnaijua kwa mikono yenu, maana ni habari za korosho na bei yake.

Mkorosho si mti wa asili yetu. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16. Ukapatana vema na mchanga wa kusini, hata msimu wa 1973/74 Tanzania ikapata tani 145,000 hivi. Kisha mavuno yakaanguka vibaya. Watu walihamishiwa katika vijiji, mikorosho yao ikabaki mbali porini; ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia; na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikarudishwa miaka ya 1980. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000.

Basi korosho hizo huenda wapi? Nyingi huuzwa ghafi, yaani na maganda yake. Hubanguliwa India na Vietnam, kisha huuzwa Ulaya na Marekani, na faida ya kubangua hubaki kwa aliyebangua. Viwanda vilijengwa kwetu pia, hata Newala na Masasi, lakini vingi vikasimama. Huko Uholanzi, mwaka 1988, kahawa ilianza kutiwa alama ya kuonyesha kwamba mkulima amelipwa bei ya haki, na wakulima wa Kagera wakauza kahawa yao kwa njia kama hiyo. Sisi wa korosho tulipambana mahali pengine: penye mizani.

Mnalijua neno kangomba. Mtu huja wakati wa njaa, kabla ya msimu, akapima kwa bakuli, akalipa atakavyo. Ndipo katika msimu wa 2007/08 ukaletwa mpango wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, hupimwa kwa kilo, hupewa karatasi, na wakati huo wanunuzi walishindana mnadani kwa zabuni za maandishi. Zabuni zilisomwa mbele ya wakulima wenyewe, nao waliweza kuzikataa.

Oktoba 2018 walizikataa. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo. Safari hii zabuni zilizosomwa kwa wakulima wa Newala na Tandahimba, wanachama wa TANECU, zilikuwa chini ya 3,000. Wakasema hapana. Si jambo jepesi, ndugu, kurudi nyumbani mikono mitupu huku mwenye duka anakungoja! Lakini mtu mmoja akikataa peke yake, mnunuzi humpita akaenda kwa jirani. Hawa walikataa pamoja, korosho zao zikiwa ghalani.

Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua kwa shilingi 3,300, na jeshi litazibeba. Hata hivyo fedha hazikufika kwa siku moja. Kulikuwa na uhakiki wa mashamba na majina, na wengine walingoja kwa miezi.

Sasa shika kalamu. Gunia moja lina kilo 80. Andika thamani yake kwa shilingi 2,700, kisha kwa shilingi 3,300. Ukiona tofauti ya shilingi 48,000, umepata. Halafu toa stakabadhi yako ya msimu uliopita, utafute palipoandikwa uzito, uusome mwenyewe kwa sauti.