Kura za Katanga za Mwaka 1960

Ndugu wasomaji, wazee wetu husema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Historia ya Katanga inatufafanulia neno hilo. Leo tutazame habari za chama cha BALUBAKAT: kilililia nini, na kilio kile kilipopuuzwa, nini kilifuata.

Kwanza tuvijue vyama vyenyewe. Mwezi wa Desemba 1957 watu wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walipiga kura mara ya kwanza kuchagua wakubwa wa mitaa yao. Waliopata ukubwa walikuwa watu wa kutoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Wenyeji wengi waliona uchungu, na mwaka 1958 wakaunda CONAKAT, ambayo baadaye iliongozwa na Bwana Moïse Tshombe. CONAKAT ilidai Kongo iwe ya majimbo yenye kujitawala, ili mali ya Katanga isiamuliwe na watu wa mbali, kule Léopoldville.

Baluba wa kaskazini nao ni wenyeji wa Katanga. Chama chao kilikuwa BALUBAKAT, na mkubwa wake Bwana Jason Sendwe. Mwaka 1959 kiliingia katika CONAKAT, na mwaka uleule kikatoka, kwa kuwa CONAKAT ilikuwa imekipokea chama cha walowezi wa Kizungu. Ndipo BALUBAKAT ikapatana na chama cha watu wa Kasai na chama cha Watshokwe. Mapatano yao yaliitwa Cartel. Hao walitaka Kongo moja, tena waliogopa neno hili: jimbo likipewa nguvu zote, na kundi moja likashika kila kitu ndani ya jimbo, walio wachache watakimbilia wapi?

Kura zikapigwa Mei 1960. Kwa Bunge la taifa, Cartel ilipata kura nyingi kidogo kuliko CONAKAT, lakini ikapewa viti 7, na CONAKAT 8, kwa jinsi viti vilivyogawanywa wilaya kwa wilaya. Katika Baraza la Jimbo, lenye viti 60 vya kuchaguliwa, CONAKAT ilipata 25, na Cartel ikaifuata kwa karibu. Wajumbe wengine wakaenda upande wa CONAKAT. Cartel ilisema uchaguzi haukuwa wa haki, ikakataa kuingia barazani.

Sheria ya wakati ule, iliyotolewa na Wabelgiji tarehe 19 Mei 1960, ilitaka theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Sheria hiyo ilikuwa ngao ya walio wachache: iliwalazimisha wakubwa kukaa nao na kupatana. Lakini tarehe 15 Juni, siku kumi na tano kabla ya uhuru, Ubelgiji uliibadilisha, na theluthi mbili hazikuhitajiwa tena. Kesho yake Bwana Tshombe akachaguliwa, na uwaziri wote ukashikwa na CONAKAT na rafiki zake. Mchezo ulikuwa umekwisha kuanza, na kanuni ikageuzwa kwa faida ya upande mmoja. Watu wa kaskazini wangewezaje kuiita serikali ile yao?

Tarehe 11 Julai 1960 Bwana Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kaskazini ikaasi. Vijiji vikachomwa na askari wa Katanga. Vijana wa BALUBAKAT nao wakamwaga damu ya watu wasio na hatia. Tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, askari 9 wa Ireland, waliokuja na Umoja wa Mataifa kutunza amani, waliuawa. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari. Kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuua.

Sasa tupime mambo. CONAKAT iliwaambia wakubwa wa Léopoldville: msituamulie mambo yetu bila sisi. Neno hilo lilikuwa la haki. Lakini watu wa Manono na Kabalo walipoiambia CONAKAT neno lilelile, haikuwasikia. Basi mwezi wa Januari 1961 BALUBAKAT, iliyotaka Kongo moja, ilikuwa imekwisha kusimamisha jimbo lake huko Manono, jimbo la Lualaba. Kujitawala kusikotanguliwa na kura ya haki hugawanyika tena na tena, kama nguo iliyoanza kupasuka.

Miaka imepita. Katiba ya 2006 ilitaka majimbo 26, na mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa manne. Manono na Kabalo zimo katika jimbo la Tanganyika. Je, kilio kilikwisha? Tangu mwaka 2013 Batwa na Baluba wa huko walipigana vibaya, na wengi walikimbia makwao. Batwa walisema wanadharauliwa, hawana ardhi, wala hawana mtu wao mahali mambo yanapoamuliwa. Waliolia mwaka 1960 kwamba wamefungiwa mlango, leo watoto wao wanagongewa mlango na wengine.

Papa Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba wenye mamlaka wana wajibu wa kuwainua walio wachache, na walio wachache nao wasijitenge na jirani zao.

Lakini Mitume walitutangulia. Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wakristu wenye kusema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita waasi. Waliwaita wote pamoja, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Tazameni majina ya wale saba: yote ni ya Kigiriki. Kanisa liliweka mgawo mikononi mwa watu wa upande ule uliolalamika.

Basi, ndugu, katika kijiji, katika parokia, katika jimbo, tunapohesabu kura na kugawa kazi, tujiulize: ni nani anayenung'unika mlangoni, na je, yumo mtu wake kati ya wale saba?