Taa Iliyosema Vali Imefungwa

Alfajiri ya Machi 28, 1979, muda mfupi baada ya saa kumi, wahudumu wa kinu cha pili cha nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, Marekani, waliiamini taa moja ndogo. Vali ya kupunguza presha ilikuwa imefunguka, ikaamriwa kujifunga, na taa ikazimika. Wakajua imefungwa. Kumbe taa ile haikuwa na habari za vali yenyewe. Ilichoonyesha ni kwamba amri ya kufunga imetumwa. Vali ilikuwa imekwama wazi, na maji ya kupozea kinu yakavuja kwa zaidi ya saa mbili.

Mle chumbani kengele zaidi ya mia moja zililia ndani ya dakika chache za mwanzo. Printa ya kompyuta ilizidiwa, ikawa inatoa habari za mambo yaliyokwisha kupita. Hapakuwa na geji hata moja ya kuonyesha moja kwa moja kimo cha maji kwenye fueli. Vipimajoto vilikuwapo, lakini kompyuta ilikuwa imepangwa kuishia nyuzi 371 za Selsiasi. Joto lilipozidi hapo, ilichapa alama za kuuliza. Wahudumu, wakidhani maji yamezidi, wakapunguza yale yaliyokuwa yakiingia. Karibu nusu ya fueli iliyeyuka.

Mkazi wa Ilomba, Mbeya, anayeona malori ya Zambia na Kongo yakipita mchana na usiku, hahitaji kusomea fizikia ili aelewe kosa hilo. Dereva anayeteremka Iwambi kuelekea Mbalizi na tani thelathini mgongoni hataki taa ya kumwambia kwamba amekanyaga breki. Anataka kujua kama breki imeshika.

Sehemu ya historia hii inayoniuma zaidi ilitangulia ajali yenyewe. Mnamo Septemba 24, 1977, kinu cha Davis-Besse, jimboni Ohio, kilichotengenezwa na kampuni ile ile ya Babcock & Wilcox, kilipatwa na tatizo lile lile: vali ilikwama wazi, geji zikawapotosha wahudumu. Waligundua baada ya dakika ishirini hivi, na kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo, hivyo wakanusurika. Mhandisi wa kampuni hiyo, Bert Dunn, aliandika waraka wa ndani Februari 1978 akitaka wateja wote wapewe maelekezo mapya. Waraka ukazunguka ofisini. Hadi Three Mile Island inapatwa na ajali, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, maelekezo hayo yalikuwa hayajawafikia watu wa vinu.

Baada ya hapo Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani ilikaza kamba. Desemba 1980 ilitoa toleo jipya la mwongozo wake namba 1.97, unaotaja vitu ambavyo lazima vipimwe wakati wa ajali na baada yake: presha, joto, kimo cha maji, haidrojeni, mionzi. Vipimo vya daraja la kwanza vilitakiwa kuwa na mbadala, kuhimili tetemeko la ardhi, joto na mvuke wa ajali, na kuwa na umeme wa akiba. Vali nayo ilitakiwa ionyeshe imekaaje kweli.

Ndipo likaja suala la siri. Ili kuthibitisha kwamba chombo chake kinafaa, kampuni hulazimika kumpa mdhibiti michoro, hesabu na matokeo ya majaribio, ambavyo mshindani wake angevipenda sana. Kanuni za Marekani zinairuhusu kampuni kuomba nyaraka hizo zisitolewe hadharani, ila kwa masharti. Lazima ilete hati ya kiapo, ieleze kwamba habari hizo kweli inazitunza kwa siri, kwamba hazipatikani kwingine, na kwamba zikitoka zitaidhuru sokoni. Kwa desturi huleta nakala mbili, moja kamili ya mdhibiti na nyingine ya umma yenye mapengo palipokuwa na siri. Na hata kiapo kikikubalika, tume hupima kama haki ya umma kujua msingi wa uamuzi inaizidi hasara ya kampuni. Utaratibu huo una manung'uniko yake, lakini nauona wa haki: siri inaombwa, inatolewa sababu, na inaweza kukataliwa.

Palipokosekana utaratibu wa namna hiyo, watu walikufa. Mwaka 1983, katika majaribio ya kinu cha Ignalina, Lithuania, wataalamu wa Kisovieti waliona kwamba fimbo za kuzimia kinu, zikiteremshwa katika hali fulani, kwanza huongeza nguvu. Wahudumu wa Chernobyl hawakuelezwa hatari hiyo ipasavyo. Aprili 26, 1986 walibonyeza kitufe cha kuzima, na kinu kikalipuka.

Afrika nayo imo katika historia hii tangu mapema. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliingia katika bomu la Hiroshima, na wakati wa vita mgodi huo ulifichwa mno. Juni 1959, Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, wakati huo Léopoldville, kiliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia barani, kwa juhudi za mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, mwenyewe mwanafizikia. Kiliitwa TRICO, aina ya TRIGA ya kampuni ya General Atomic ya California. Kilikuwa na kilowati 50 tu, na fueli yake ikipata joto mno hupunguza kasi yenyewe. Cha pili, cha megawati moja, kiliwashwa mwaka 1972. Fimbo mbili za fueli ziliibwa. Moja ilinaswa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu, nyingine haijaonekana. Kinu hicho cha pili kilizimwa mwaka 2004. Mchoro wa kinu unaweza kuulinda kwa hati miliki, lakini fimbo zisipohesabiwa hiyo hati inamlinda nani?

Kwetu Tanzania sheria ya kwanza ya kinga ya mionzi ilitungwa mwaka 1983. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 ndiyo iliyozaa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Ni TAEC inayokagua mashine za eksirei hospitalini na kutoa cheti cha mionzi kwa vyakula vinavyovuka mipaka, Tunduma ikiwamo. Kinu cha umeme hatuna. Lakini urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, jirani zetu kupitia Njombe na Songea, imefika hatua ya kiwanda cha majaribio, kilichozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2025. Kenya nayo inatafuta pa kujenga kinu, na watu wa Uyombo, Kilifi, walikwisha kuandamana kukipinga.

Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaruhusu habari kuzuiwa zinapogusa maslahi halali ya kibiashara. Kwa mchoro wa kihisi au mchanganyiko wa kemikali za kiwandani, sawa. Lakini kipimo cha mionzi kwenye maji ya kijiji, au taarifa ya chombo kilichowahi kudanganya kwingineko, visiguswe na kifungu hicho. Wabunge wetu wa Nyanda za Juu Kusini waliseme hilo bungeni na TAEC iliweke kwenye kanuni kwa maneno yasiyo na utata, kabla leseni kubwa zijazo hazijasainiwa. Mkataba ukishafungwa, itabidi tuombe kile ambacho leo tunaweza kukiamuru.