Njia ya Kando na Kuchepuka: Historia ya Sitiari Moja katika Uhakiki

Msafiri atokaye Mtito Andei kuelekea Kibwezi kwa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi huupita mji mdogo wa Kambu, katika Makueni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikatiza ukanda huohuo. Ilikuwa reli ya njia moja. Magarimoshi mawili yalipokabiliana, moja halikuwa na budi kuingia njia ya kando penye stesheni, lingoje la pili lipite, kisha lirejee njia kuu.

Ni utaratibu wa namna hii, hasa katika reli za Marekani za karne ya 19, ulioipa lugha ya Kiingereza kitenzi “sidetrack”, kinachotumiwa leo kwa msemaji aliyeiacha hoja yake. Kitenzi hicho kilichukua nusu ya kazi tu. Kilibakiza kuondolewa njiani; kungoja na kurejea kukasahauliwa. Hali katika reli ya njia moja, pasipo njia ya kando hakuna safari: magarimoshi yangebaki yakitazamana.

Uhakiki wetu umeirithi nusu hiyo. Aghalabu mtambaji wa ngano anayesita kueleza asili ya mto au ukoo huambiwa ametoka nje ya mada. Kiswahili, hata hivyo, kina neno kuchepuka. Kuchepuka ni kuiacha njia kuu; lakini pia ni kuchipuka, kama mche unavyotoka shinani. Sidai kwamba maana hizi mbili zina asili moja. Ninachodai ni kwamba msikilizaji wa Kiswahili anazo zote mbili, na mhakiki hana sababu ya kujinyima moja.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Badala ya kukabili shtaka moja kwa moja, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mapendekezo ya manufaa, wakaadhibiwa. Kwa kipimo cha reli, huyu ameacha kesi yake mara sita. Lakini kila safari inaleta ushahidi ambao jibu fupi lisingeweza kuubeba: kwamba nchi isiyo na sheria ya haki huwaadhibu wanaoitumikia. Ondoa masimulizi hayo, nawe umemwondolea Karama utetezi wote. Na anaachiliwa kwa utetezi huo.

Si kila mchepuko una haki hii, bila shaka. Kuna wa kujaza kurasa. Kipimo ni kuuliza hadithi inaporudi njia kuu imebeba nini. Mwandishi huyu hakuuliza swali hilo alipoandika “nje ya mada” pembeni mwa insha ya mwanafunzi aliyesimulia ngano ya bibi yake. Alama zilizokatwa hazikurudishwa.