Pampu ya petroli kwa gari la zamani lenye injini iliyoongezewa nguvu

Msikilizaji, gari la zamani la kabureta likiongezewa nguvu, pampu yake huzidiwa. Linapanda mlima, linakohoa, linazima. Wengi hukimbilia pampu ya gari la EFI. Hapo ndipo penye hatari.

Presha: Kabureta huhitaji presha ndogo, kwa kawaida psi 2 hadi 5. Pampu ya EFI husukuma psi 40 na zaidi. Kabureta haiwezi kuizuia. Petroli hufurika juu ya injini yenye joto, gari likaungua. Jina la gari halitoshi. Peugeot 404, aliyoshinda nayo Bert Shankland wa Tanzania mbio za East African Safari mwaka 1966 na 1967, ilitengenezwa ya kabureta na ya nozeli pia. Fungua boneti uone.

Kiasi: Injini ya nguvu za farasi 150 ikikanyagwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 45 kwa saa. Chukua pampu ya lita 60 hadi 70 kwa saa, ikiwa kwenye presha ya kabureta yako.

Kufunga: Pampu ya umeme husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ifungwe karibu na tangi, upande wa chini, petroli ipite kwenye chujio kwanza. Iwekewe fyuzi, na swichi ya kuikatia umeme injini inapozima. Gari likipinduka njia ya Kahama, isiendelee kumwaga petroli.

Kabla ya kuondoka gereji, fundi apime presha kwa geji. Ukiona petroli inadondoka, usiwashe gari.